Niliyoyakuta kwenye nyumba ya bibi wa Levittown

Stempu ndo zilianza. Nilikua natafuta betri kwenye droo ya jikoni, mkono ukagusa vijitabu vimefungwa na lastiki, karatasi imeshakua ya njano, kufungua ndani kurasa zimejaa vistempu vya kijani vimebandikwa kwa mate zaidi ya miaka 50 iliyopita. Nikamuuliza bibi hivi vitu nitupe? Akanishika na ule mkono wake mmoja unaofanya kazi, akasema usithubutu.

Hapo nilikua na wiki mbili tu kwake. Ilikua 2016, nimeshabeba boksi miaka minne Marekani, maghala, hoteli, mpaka nikaangukia kwenye kazi ya kulea wazee kupitia ejensi moja, wakanipangia kwa mama mmoja wa miaka 71 pale Levittown, Pennsylvania, upande wa juu wa Philadelphia. Alikua amepata kiharusi, upande wa kushoto dhaifu, ila kichwa kizima kabisa. Kwenye karatasi ya kazi nimeandikiwa nimuite jina lake la kwanza. Mi nimezaliwa Tanga, mtu umri wa mama yangu nimtaje jina hivihivi kama tumecheza wote kombolela? Nikamwambia ntakuita Bibi, kama watoto wangu wangekuita. Akauliza maana yake, nikamwambia, akanyamaza kidogo alafu akasema sawa, Bibi ni jina zuri, hamna mtu anayeniita hivyo.

Sasa zile stempu. Miaka ya 50 na 60 ukienda kununua vitu kwenye maduka mengi ya Marekani, kwa kila senti 10 unazotumia unapewa stempu moja ya kampuni ya S&H, unaenda kubandika kwenye kijitabu. Kijitabu kimoja kinajaa kwa stempu 1,200, yaani umetumia dola 120, na dola 120 wakati ule sio pesa ya mchezo. Ukiwa na vijitabu vya kutosha unaenda kwenye duka lao kuchukua kitu, kibaniko cha mkate, taa, blanketi. Bibi alikua ndo mbandikaji wa nyumba, Jumamosi usiku yeye na kaka yake mezani, ulimi umekua wa kijani na ladha ya gundi, mama yao anahesabu. Taa ya sebuleni mpaka leo ni ya stempu. Nikamwambia sisi tulikua tunakusanya vizibo vya soda namna hiyohiyo, tunabandua ile plastiki ya ndani kwa jino kuangalia kama kuna zawadi. Akacheka sana. Nadhani hiyo siku ndo tulianza kuwa marafiki.

Unajua mi Marekani ya zamani nilikua naijua kwa picha tu, yale magari marefu yenye mapezi nyuma kama papa, mama amevaa gauni la duara na kiatu kirefu anatoa keki kwenye oveni. Nilikua naamini wale watu walizaliwa na neema. Nyumba ya bibi ndo ilinifundisha kuwa sivyo kabisa. Mama yake alikua ameosha na kukunja karatasi za alumini, chupa za jemu zimepangwa stoo kwa ukubwa, vifungo vya mashati yaliyochakaa viko kwenye kopo. Huyo mama alikua binti wa eneo la migodi ya makaa ya mawe huko Scranton, amekulia kwenye ule mdororo mkubwa wa uchumi wa miaka ya 30, amelala njaa. Friji lilivyojaa mwaka 1953 yeye bado alikua anaishi kama vile kesho litakua tupu. Mama yangu na makopo yake ya Blue Band, vilevile. Nilisimama stoo pale nikaona kabisa ni mwanamke mmoja.

Baba wa bibi alipigana vita Pasifiki, akarudi, na serikali ikawa imepitisha sheria ya 1944 ya kuwasaidia wanajeshi waliorudi, wasome, wapate mkopo wa nyumba uliodhaminiwa, hata bila kutanguliza kitu. Huko Bucks County kampuni ya U.S. Steel ikafungua kiwanda kikubwa cha chuma mwaka 1952, na mwaka huohuo kampuni ya Levitt ikaanza kujenga mji mpya, ndo hiyo Levittown, kwenye mashamba ya mboga pembeni yake. Baba akapata kazi kiwandani, akanunua nyumba. Ile aina ya kwao iliuzwa kuanzia dola 9,990. Mtu aliyezaliwa kwenye nyumba ya kampuni ya mgodi ambayo ukiumia wanakutoa, leo ana hati yenye jina lake. Bibi anasema baba yake usiku wa kwanza hakulala, alikua anatembea chumba hadi chumba anawasha taa na kuzima.

Namna walivyozijenga ndo iliniacha mdomo wazi. Walichukua akili ya kiwanda cha magari wakaigeuza, badala ya gari kupita mbele ya fundi, hapa fundi ndo anapita nyumba kwa nyumba, huyu kazi yake kumwaga msingi tu, huyu anapaka rangi nyeupe tu, anayefuata anapaka rangi nyingine, kazi nzima imekatwa vipande 26 au 27. Wakifanya kazi kwa kasi yao nzuri nyumba moja ilikua inaisha kila dakika 16. Jumla zaidi ya nyumba 17,000. Mitaa ya kila eneo ilipewa majina yanayoanza na herufi ileile moja, kama eneo ni la D basi kila njia ni D, na ilisaidia maana nyumba zilikua zinafanana mno, bibi mara mbili aliingia nyumba ya watu akitoka shule akafungua friji ndo akashtuka maziwa sio ya kwao. Mabomba ya maji ya moto yalipita chini ya sakafu, asubuhi za baridi kali yeye na kaka yake wanatandika nguo za shule chini kwanza zipate joto ndo wavae.

Na sheria zilikuwepo. Ukoka wa mbele ya nyumba lazima ukatwe kila wiki, ukizembea kampuni inaleta mtu anakata alafu unaletewa bili. Uzio hairuhusiwi. Nguo usianike siku ya Jumapili. Hii ya nguo niliijua kwa sababu nilianika kanga zangu mbili nyuma ya nyumba, Jumapili mchana, jua zuri, natoka ndani nakuta bibi amejisogeza mpaka dirishani na fremu yake ya kutembelea, macho yamemtoka. Anasema leo ni Jumapili, mama angekufa. Sheria yenyewe hamna mtu anaifuata miaka na miaka ila mwili wake bado ulikua unaikumbuka. Nikataka kuzianua akakataa, akasema ziache, zina rangi nzuri, wacha zipepee. Akaniuliza zimeandikwa nini, nikamtafsiria moja, ya pili nikaruka maana ilikua ya mafumbo ya mke mwenza na nisingemaliza kueleza hiyo siku.

Chakula. Jamani chakula. Alhamisi lazima ale kile chakula cha kununua kilichogandishwa kwenye sinia, nyama ya batamzinga, mbaazi za kijani na viazi vitamu, kila kimoja na shimo lake. Siku hizi sinia ni la karatasi ngumu ila kilipotoka miaka ya 50 lilikua la alumini, unaliweka oveni dakika 25 unakula mbele ya TV. Mi nilikua naona ni uvivu, mama gani anampa mtoto barafu. Mpaka aliponieleza. Mama yake wakati wa vita alikua anafanya kazi kiwandani, anaunganisha vifaa vya silaha, ana mshahara wake, ana kadi yake ya chama cha wafanyakazi. Vita imeisha 1945, wanaume wanarudi, wanawake wakaambiwa asanteni, nendeni nyumbani. Basi akawa jikoni, siku zote, milo mitatu, na magazeti ya wanawake yanamwambia hii ndo furaha yako. Alhamisi ndo ilikua siku yake moja ya kutopika. Bibi anasema siku hiyo mama alikua anakaa kwenye kochi nao, miguu juu, anacheka na TV, na watoto walipenda kile chakula kwa sababu ya kumuona mama amekaa. Tangu siku hiyo Alhamisi sikuwahi kupika pilau tena pale, naweka sinia oveni, nakaa naye, na mi nanyanyua miguu.

Huyo mama baadaye akaanza kuuza Tupperware. Hapa wanawake wenzangu wa Dar na Tanga mtanielewa haraka kuliko Mmarekani yeyote, maana ni kicheni pati kabisa, wanawake wanakutana sebuleni kwa mmoja wao, kuna keki, kuna michezo, kuna umbea, alafu mwenye shughuli anaonyesha mabakuli, anabonyeza kifuniko kinatoa hewa, anamwaga juisi ndani na kulirusha hewani lisimwagike. Aliyeikuza zaidi ile namna ya kuuza ni Brownie Wise, mwanamke aliyeachika analea mtoto peke yake. Aliuza mpaka kampuni ikatoa mabakuli yote madukani mwaka 1951 ikabaki kuuza kwenye hizi pati tu, na 1954 akawa mwanamke wa kwanza kuwekwa kwenye jalada la jarida la Business Week. Mwaka 1958 wakamtoa. Hiyo habari inaniuma mpaka leo na sijui hata yule mama namjuaje. Ila mama wa bibi pesa za mabakuli aliziweka kwenye kopo la kahawa, na ndo zilimsomesha bibi ukarani.

Polio niiseme haraka maana ni nzito. Bibi alikua ananionyesha picha za watoto wa mtaa, anataja mmojammoja, anafika kwa mvulana mmoja anaruka. Picha ya pili anaruka tena. Mwaka 1952 Marekani walipata wagonjwa karibu 58,000, kila kiangazi ikifika wazazi wanawakataza watoto kuogelea, kwenda sinema, kunywa bombani, hamna anayejua inapita wapi. Yule mvulana kiangazi kimoja alienda hospitali akarudi na vyuma miguuni. Tarehe 12 Aprili 1955 ilipotangazwa kuwa chanjo ya Salk inafanya kazi kengele za makanisa zilipigwa, watu walilia barabarani, na bibi alipopanga foleni shuleni kuchomwa mama yake alikua amesimama nje kwenye uzio wa shule kuhakikisha. Mi nina mjomba mguu mmoja umesinyaa tangu utotoni, anatembea ameushika goti. Nilimuonyesha bibi picha ya mjomba kwenye simu. Akaiangalia muda mrefu mno. Hatukuongea, ila kesho yake ile picha ya mvulana aliitoa kwenye albamu akaiweka juu ya kabati.

TV sasa. Mwaka 1950 nyumba zenye TV Marekani zilikua karibu 9 kwa kila 100, ikifika 1960 ni karibu 9 kwa kila 10. Ndani ya miaka kumi tu nchi nzima imegeuza viti sebuleni viangalie upande mmoja. Na kwa watoto wa kule Pennsylvania kitu chao kilikua Bandstand, kipindi cha kucheza muziki kilichorushwa kutoka Philadelphia, studio iko mtaa wa Market na 46, vijana wa kawaida tu wa shule wanacheza mbele ya kamera. Tarehe 5 Agosti 1957 kikaanza kuonekana nchi nzima, mtangazaji Dick Clark. Bibi alikua na miaka 12. Anasema ulikua unawajua wale wachezaji kwa majina, nani kaachana na nani, nani kabadili nywele, na kwa sababu kaka yake alikataa kucheza naye alikua anashika mpini wa mlango wa friji ndo mwenzake. Mlango unafunguka unajifunga, maziwa yanacheza.

Mama yangu Tanga, alizaliwa 1947, naye alicheza twist. Watu huku hawaamini nikiwaambia. Chubby Checker, kijana Mweusi wa hukohuko Philadelphia, aliivumisha nchi nzima 1960, na haikuchukua muda ikavuka bahari kwa santuri na redio, Kenya kina Daudi Kabaka wakatengeneza twist yao ya Kiswahili, Tanga tulikua na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz na mama anasema Jumamosi walikua wanatoroka na mashoga zake, gauni limebana mpaka huwezi kupanda baiskeli. Basi siku moja nikawaunganisha WhatsApp na video. Kiingereza cha mama kidogo, Kiswahili cha bibi ni "asante" na "chai". Nikawa mkalimani dakika tano, alafu hawakunihitaji. Mama akasimama uani Tanga, kuku wanapita nyuma, akaanza kuzungusha kiuno na kisigino kama anazima sigara, na bibi kwenye kiti chake akaitikia kwa bega la kulia, bega moja tu, uso mzima unawaka. Ile video sikuirekodi na ninajuta.

Ndo maana kilichofuata kilikua kigumu.

Kuna swali nililiuliza mapema kabisa, kiangazi cha kwanza, tukiangalia albamu. Picha kama mia mbili, birthdei, mashine ya kukatia majani, gari jipya, Krismasi. Nikauliza tu, majirani Weusi walikua wanakaa upande gani? Akasema hawakuwepo. Alafu akaomba chai. Hakuwahi kuomba chai saa ile.

Siku yangu ya mapumziko nikaenda maktaba. Nilikua natafuta kitu kingine lakini ukisema Levittown kwa mkutubi anakuletea tu. Levitt hakuwauzia Weusi, na hakuficha, alisema waziwazi kuwa anaweza kutatua tatizo la nyumba au tatizo la rangi ila hawezi kuyachanganya yote mawili. Mabenki na serikali waliodhamini mikopo walikua wanaenda naye sambamba. Kwaiyo mwanajeshi Mweusi aliyepigana vita ileile, mwenye haki ya sheria ileile ya 1944, nyumba ya dola 9,990 hapati. Alafu nikakutana na habari ya William na Daisy Myers, mume na mke Weusi. Mume fundi, amelitumikia jeshi, mke amesoma chuo, watoto watatu, wa mwisho bado kichanga. Walinunua nyumba eneo la Dogwood Hollow kwa mtu binafsi, sio kwa kampuni, wakahamia tarehe 13 Agosti 1957. Usiku uleule watu wakajaa nje, mamia. Mawe yakavunja dirisha. Usiku baada ya usiku. Polisi mmoja akapigwa jiwe la kichwa akazimia, gavana akaleta polisi wa jimbo. Wakachukua nyumba tupu iliyokua nyuma ya kwao wakapandisha bendera ya zamani ya majimbo ya Kusini, ile ya watetezi wa utumwa, na kuwapigia muziki kwa sauti kubwa usiku. Jirani yao Myahudi aliyewaunga mkono naye wakamchomea msalaba, ndo kitisho cha wabaguzi wa kule.

Nilikaa na ile tarehe. 5 Agosti Bandstand, 13 Agosti Myers. Siku nane. Mtoto wa miaka 12 ameshika mpini wa friji anacheza nyimbo za watu Weusi, na kipindi chenyewe, watafiti waliochimba baadaye walionyesha, vijana Weusi wa Philadelphia walikua wanazuiwa mlangoni kwa visingizio, mara mavazi, mara kadi ya kuingilia. Na dakika chache kwa baiskeli kuna mama anambembeleza mtoto gizani kwa sababu akiwasha taa atalengwa.

Sikumwambia bibi kuwa nimesoma. Zaidi ya mwaka. Ukiniuliza kwanini, ni kazi, nina kodi ya nyumba, nina ada za watoto Tanga, na kingine nilikua nampenda na niliogopa jibu. Niseme hilo wazi.

Agosti 2017 ndo Wazungu wabaguzi walikusanyika Charlottesville, Virginia, na mienge usiku, na kesho yake mwanamke mmoja akauawa na gari. TV ilikua inaonyesha tu, inarudia. Ile bendera ikapita kwenye skrini. Bibi akaniambia zima. Hakula jioni hiyo.

Jumatatu namuogesha. Yuko kwenye kiti cha kuogea, mgongo kwangu, mi nimeshika ile bomba ya mkono napima maji na kiwiko kama tunavyopima ya mtoto. Akaanza kuongea akiangalia ukuta. Kwamba walienda na baiskeli, watoto sita, kama wanaenda kuangalia sarakasi. Kwamba wakubwa walikua wanaimba na kupiga kelele na kuna mtu alikua anauza aiskrimu. Kwamba baba yake alikuwepo, hakurusha kitu, alisimama mikono mfukoni, na yeye miaka yote alikua anajiambia baba hakurusha kitu. Alafu akasema, na mimi nilipiga kelele. Akalitaja neno lenyewe. Alilitaja kwa sauti ndogo sana, kama mtoto anayerudia tusi alilolisikia. Akasema kila mtu alikua analisema na nilitaka kuwa na wenzangu, na kwenye dirisha la jikoni kulikua na mwanamke amesimama, akaniangalia.

Mkono wangu ulisimama. Povu liko mgongoni kwake, mkono wangu mweusi juu yake, na maji yanaenda. Nilisikia kila kitu kwa pamoja, hasira, huruma, aibu ya sijui nani. Alafu nikaona anaanza kutetemeka, baridi, nikaendelea kummwagia maji. Nikamsuuza, nikamkausha katikati ya vidole kama siku zote maana ana ngozi inayopasuka, nikamvalisha. Hakuna hata mmoja aliyesema neno. Shifti ikaisha nikaenda kukaa kwenye gari sikuwasha.

Nikampigia mama. Tanga ilikua usiku sana, akapokea kwa ule mshtuko wa simu ya usiku. Nikamweleza yote. Akauliza, ulimjibu nini? Nikasema sikumjibu. Akanyamaza, nasikia feni inazunguka. Akasema ungeweza kumuacha na povu ukaondoka, mwanangu, na mimi nisingekulaumu. Kesho ukienda usijifanye hujasikia.

Kwaiyo sikujifanya. Nilimwambia bibi kuwa mi sio mtu wa kumsamehe, hilo tusi halikuja kwangu, lilienda kwa Daisy Myers, na siwezi kupokea msamaha wa mtu mwingine nikauweka mfukoni kwangu. Nilimwambia imeniuma. Na nilimwambia nimesoma habari yote maktaba na nimekaa nayo mwaka mzima, akashangaa, akasema mwaka mzima ulikua unaniogesha unajua? Nikamwambia nilijua mtaa wako, nilikua sijui wewe. Akalia, na mi nikalia, na sikumbembeleza haraka, nilimuacha alie mpaka aishe. Aliniuliza yule mama yuko wapi sasa. Nikamwambia walihama 1961 kwa kazi ya mume, na 1999 meya wa pale Bristol Township alimuita arudi akamuomba msamaha hadharani, alikuja, na alifariki 2011. Bibi akahesabu kwa vidole. Akasema, 1999 nilikua hapahapa, nilisoma kwenye gazeti, sikwenda.

Watu wengine wa nyumbani nikiwasimulia wanasema ningeacha kazi. Wengine wanasema alikua mtoto, yaishe. Mi sikubali hayo yote mawili. Alikua mtoto, ndio, lakini na watoto wa Myers walikua watoto. Na kuacha kazi ningeondoka na nusu ya habari, tena ile nusu mbaya peke yake, wakati mtu huyohuyo ndo alitoa picha ya mvulana wa polio akaiweka juu ya kabati. Nilichobadilika ni namna ya kusikiliza. Sasa hivi mzee yeyote akinisimulia raha za ujana wake, awe wa huku au awe wa Tanga, nafurahi naye kwelikweli, na nauliza ni nani hakuwepo kwenye picha, na ikija chai kabla ya jibu naielewa. Hata mama nimemuuliza. Na yeye ana ya kwake, ya wale wasichana wa kazi waliokua wanafua yale magauni ya Jumamosi, majina yao hakumbuki.

Septemba bibi akaomba nimpeleke. Nikamfunga mkanda, nikaweka fremu yake nyuma, tukaenda taratibu, majina ya njia yote yanaanza na D. Miti imekua mikubwa, wengine wameongeza vyumba juu, wengine wamejenga uzio. Alinielekeza kona mwenyewe, hakukosea. Nikaegesha upande wa pili wa barabara, sikuzima injini kwa sababu ya kiyoyozi. Nje kulikua na baiskeli ya mtoto imelazwa kwenye ukoka.

Aliangalia kimya muda mrefu. Alafu akaninyooshea kidole, akaanza kunieleza nyumba ya watu ambayo hajawahi kuingia. Pale mlango. Nyuma kule sebule, inaangalia bustani. Bafu katikati, ukitoka kushoto vyumba vya watoto, sakafu ya moto. Ni ileile, akasema, ni nyumba ileile kama yetu, jiko liko mbele. Akashusha kidole mpaka kwenye dirisha. Sinki iko hapo, mama alikua anasimama hapohapo kuosha vyombo, unaona barabara yote, unaona kila anayepita na baiskeli.